Kupanda Kilema Kumtafuta Malkia wa Mtori

Safari hii niliifanya kwa sababu ya kununiwa. Tangu Kwaresima, Malkia wa Mtori wa Kilema, kijiji cha juu mlimani, hakunisalimu tena redioni, na mimi kununiwa siwezi, hasa kununiwa na mtu ambaye sijawahi kumtia machoni.

Vijana wa FM hawatanielewa nisipoanzia mbali kidogo. Zamani, redio ilipokuwa moja na masafa yake ya kati yakiingia kila bonde, sisi watuma salamu tulikuwa watu wakubwa. Unanunua kadi dukani, unaandika jina lako la redioni na mahali ulipo, unawataja unaowasalimu, unamalizia na ujumbe, unaitia posta. Jumamosi mchana mtangazaji anaisoma kwa sauti yake nzito, na nchi nzima inakusikia wewe, fundi cherehani wa Njoro. Mimi nilikuwa Cherehani Haichoki. Kwa jina hilo niliwahi kupitishwa mbele kwenye foleni ya sukari, na mume wangu, Baba Neema, hajanisamehe hadi leo, maana yeye walimwacha nyuma kwenye foleni ile ile.

Ujumbe wangu haukubadilika miaka yote: "Siku msiponisikia, niombeeni." Nilipenda ulivyokuwa na uzito. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeutilia maanani.

Malkia wa Mtori alikuwa rafiki yangu wa hewani. Alinitania kwamba nashona suruali zenye mguu mmoja mrefu, nami nikamtania kwamba mtori wake, ule mchuzi wa ndizi za kupondwa, unaliwa na wasio na meno. Nilimwita shoga, mtundu, mwali wa Kilema. Mama yangu alipofariki, salamu zake za pole zilisomwa taratibu kuliko kawaida ya mtangazaji, na nililia mbele ya wateja bila kuona haya. Marafiki wa kukaa nao nyumba kwa nyumba hawakufanya hivyo.

Ndipo zikaja enzi za ruksa. Mitumba ikaja, soda za kopo zikaja, na mwisho redio za FM zikaja na watangazaji wanaocheka wenyewe kabla hujajua wanacheka nini. Kipindi chetu kikahamishiwa huko. Mimi nilinunua redio mpya, nikazidi kutuma kadi, nikisahau kabisa masafa ya kati kama mtu anavyosahau kandambili za zamani mlangoni. Kadi ya mwisho niliyomtumia Malkia ilisema: "Punguza chumvi kwenye mtori, shoga." Baada ya hapo, kimya. Jumamosi ikafuata Jumamosi, kimya.

Nikajisemea, basi, chumvi imetuachanisha.

Asubuhi moja ya kipupwe, Njoro. Nilichuma jani la isale kwenye ua wa jirani, nikalifunga vizuri kwenye gazeti. Msomaji wa mbali ajue kwamba kwetu Uchagani jani hilo ndilo la kuombea msamaha: ukimpelekea mtu, hana ruhusa ya kulikataa. Nilifunga pia gauni la kitenge nililomshonea Malkia kwa kukisia. Kwa jinsi alivyokuwa akijisifu redioni, nilimkisia mama wa makamo, mnene, mwenye mikono ya kuchota pipa. Gauni lilikula kitambaa mpaka nikaunga bega.

"Unapanda mlima kumtafuta mtu wa redioni," alisema Baba Neema, akifungua duka.

"Napanda kumtafuta rafiki yangu."

"Unajua jina lake?"

"Malkia wa Mtori."

"La ubatizo."

Sikulijua. Nilijua Kilema, basi. Baba Neema alicheka mpaka akakalia kochi la wateja, nami nikaondoka nikiwa nimekasirika, jambo ambalo kwa safari ni zuri, maana hasira inatembea haraka.

Kutoka Moshi hadi Himo nilikaa karibu na dereva wa basi, na redio yake ilikuwa FM mwanzo hadi mwisho. Mtangazaji alikuwa akimsalimu mtu mmoja aitwaye Dogo Janja, kisha akamsalimu tena, kisha akapiga wimbo, kisha akamsalimu. Hakuna ujumbe, hakuna mahali. Niliwaza, huyu Dogo Janja akipotea atatafutwaje? Nje, mlima ulikuwa umejifunika mawingu, mashamba ya mahindi yamekauka, na mimi moyoni nilikuwa na furaha ya kipuuzi ya mwanamke aliyeacha kazi katikati ya wiki.

Himo, sokoni. Akina mama walioshusha ndizi alfajiri walikuwa wanarudi juu na matenga matupu, wakapanda pikapu ya mtu mmoja waliyemwita Mangi Deo. Nilipoambiwa inakwenda Kilema nilipanda nao, nikakaa juu ya tenga lililopinduliwa, nikiwa na furushi langu magotini. Barabara ilipoacha lami na kuanza kupanda, baridi ikatuingia shingoni, migomba ikatuzunguka pande zote, na harufu ya kahawa iliyoanikwa ikaja mara kwa mara kutoka nyuma ya nyua.

Niliwauliza, "Jamani, kuna anayemjua Malkia wa Mtori?"

Mmoja, binti tu, aliuliza kama ni hoteli. Lakini mwenzake aliyekuwa na mvi alinitazama.

"Wewe ni nani unayemuulizia?"

Nilijiweka sawa juu ya tenga. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu niulizwe swali hilo vizuri. "Mimi," nikasema, "ni Cherehani Haichoki wa Njoro, Moshi."

Mama yule akapiga bati la pikapu kwa kiganja, mara mbili, kwa nguvu. Mangi Deo akafunga breki, akashuka, akaja nyuma kutazama nani kaanguka.

"Huyu anasema yeye ni Cherehani Haichoki," mama akamwambia.

Mangi Deo alikuwa mtu mzima, na kofia yake ya sufu ilikuwa imefika kwenye nyusi. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Mama, tusitaniane mambo hayo. Cherehani Haichoki tumemwombea misa Jumapili. Mimi mwenyewe nilikuwepo."

"Misa ya nini?"

"Ya marehemu."

Akina mama waliokuwa karibu yangu wakasogeza matenga yao. Mmoja alinishika kidole gumba, akakibinya, akawaambia wengine kwa Kichaga kwamba kina joto. Nilianza kucheka, wakaona nacheka, wakazidi kuogopa. Ilinibidi nile ndizi mbivu mbele yao mpaka nimalize ndipo wakakubali kwamba niko hai.

Mangi Deo akanieleza hapo hapo barabarani. Bibi Theresia, ndiye Malkia wa Mtori, redio yake ni ya zamani, ya masafa ya kati na masafa mafupi tu. FM haina, hata alama yake kwenye kioo haipo. Kipindi kilipohama, yeye hakuambiwa na mtu. Aliendelea kukaa mbele ya redio kila Jumamosi. Taarifa ya habari ilikuja, matangazo ya vifo yalikuja, yote kwa kukoroma, lakini Cherehani hakuja. Mwisho akakumbuka ujumbe: siku msiponisikia, niombeeni. Akaenda parokiani akaomba misa.

"Katekista alimuuliza jina la ubatizo la marehemu," alisema Mangi Deo. "Bibi akasema Cherehani. Katekista akasema hakuna mtakatifu Cherehani. Bibi akakaa chini pale ofisini, akasema hatoki. Basi likasomwa. Vijana walicheka. Lakini sisi tuliolizoea jina hilo hatukucheka, mama. Kanisa lilinyamaza."

Nilianza kuhesabu mabaya kwa vidole. Kwanza, mimi ni Mlutheri. Misa ya marehemu kwetu haipo kabisa. Pili, nilikuwa nimebeba jani la kuomba radhi kwa ajili ya chumvi, kumbe mwenzangu yuko matangani.

"Analia?" niliuliza.

"Hata kula hali vizuri. Ni mtu mzima sana yule, ameshapita sabini. Ukimtokea ghafla unaweza kumuua kweli."

Hapo ndipo furaha yote ya safari iliniisha. Nilikuwa nimekuja kumrudisha rafiki, na sasa ningeweza kumpoteza kwa kumbishia hodi tu.

Kilema, baada ya adhuhuri. Mangi Deo aliisimamisha pikapu kwenye njia ya kwenda kihamba cha Bibi Theresia, shamba lake la migomba lenye nyumba ndani, na akina mama wote wakashuka, ingawa wengine kwao kulikuwa mbele zaidi. Tulifanya kikao kando ya mfereji. Mmoja alishauri aitwe padre. Mwingine alishauri nipelekwe kesho. Mimi nikashauri, na nilijiona nina akili nyingi, kwamba nisimtokee uso kwa uso. Nimsalimu kwanza kwa mbali, kama redio. Atasikia mambo aliyoyazoea, atajua niko hai, moyo wake utatulia.

Hakuna aliyenikumbusha kwamba sauti ya marehemu kutoka migombani si kitu cha kumtuliza mtu.

Nilijificha nyuma ya mgomba mnene. Kupitia majani nilimwona: bibi mdogo, mwembamba, kilemba cheusi kichwani, anakoroga chungu nje ya jiko lake. Niliwaza lile gauni nikataka kulia. Kisha nikakohoa, nikatoa sauti nzito ya mtangazaji wetu wa zamani:

"Kadi hii inatoka kwa Cherehani Haichoki wa Njoro, Moshi. Anamsalimu Malkia wa Mtori popote alipo Kilema, na kumuuliza mtori umeiva?"

Mwiko ulisimama. Nyuma yangu akina mama walishikana. Bibi hakugeuka. Alichungulia chungu, akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayejibu jirani:

"Kama umekuja kunichukua, subiri uive."

Na akaendelea kukoroga.

Nilitoka migombani nikikimbia, furushi mkononi, jani la isale mbele. "Shikamoo, bibi. Sijafa. Mimi ni mzima, nimekuja na gari la Mangi Deo."

Alinitazama bila haraka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Cherehani hakuniamkia hata siku moja," alisema. "Aliniita shoga."

"Sikujua, bibi. Nilidhani wewe ni mwenzangu."

"Aliniita mwali."

"Nisamehe sana."

"Kama wewe ni yeye, ujumbe wake ulikuwaje?"

Nililiweka furushi chini. Nikasema, "Siku msiponisikia..."

"...niombeeni," alimalizia, na mwiko ukamtoka mkononi. "Nimekuombea, mwanangu. Nimekuombea mpaka katekista kanichoka."

Tulikumbatiana pale kwenye moshi, naye akanifika kifuani tu. Alinipapasa mgongo, mabega, masikio. Aliniambia alikuwa amekwisha kujizoesha kwamba hatutaonana, na kwamba kadi hakutuma kwa sababu mtu mwenye matanga hatumi salamu. Nilimwambia mimi ni Mlutheri na kwetu hatuwaombei wafu. Alinipangusa majivu begani.

"Haidhuru," alisema. "Imekusaidia ukiwa hai."

Lile jani alilipokea kwa mikono miwili, akaniuliza la nini. Nilipomweleza habari ya chumvi alishangaa, maana kadi ile hakuisikia kabisa. Basi nikawa nimeomba radhi kwa kosa ambalo mwenyewe hakulijua, na sasa nimemjulisha. Alinikaribisha mezani, akanipakulia bakuli, akakaa mbele yangu kunitazama nikila.

"Chumvi ikoje?"

Ilikuwa nyingi. Ilikuwa nyingi mno. Nilisema ni sawasawa, nikaongezwa.

Gauni alilivaa juu ya nguo zake, likamfunika mpaka miguu ikapotea. Alijifunga khanga kiunoni, akazunguka uani mara moja mbele ya akina mama, akasema malkia huvaa hivi. Hakukubali nilipunguze.

Kisha akanionyesha redio. Ilikaa juu ya kigoda chake, imevishwa kitambaa cha kudarizi, na waya wake ulitoka dirishani ukaparamia mti wa mruka hadi kileleni. Aliinunua na marehemu mumewe msimu ambao kahawa ilikuwa kahawa. Siku za mpira, alisema, kihamba hiki kilijaa watu mpaka miche ikakanyagwa. Siku za matangazo ya vifo walinyamaza wote, na aliyesikia ukoo wake alitangulia kuondoka bila kuaga. Ungeweza kutoka kanisani hadi mferejini ukisikiliza hadithi moja kutoka nyumba hadi nyumba. Akaiwasha. Betri alikuwa amezianika juani asubuhi. Ilitoka sauti ya mvua tu, shhhh, na mbali kabisa ndani yake mtu kama anasema kitu.

"Nakaa nayo hivyo hivyo Jumamosi," alisema. "Nani ajuaye."

Nilihuzunika hapo, sitaficha. Nilijiona na redio yangu mpya, ninavyosalimu watu huku na huku, na mwenzangu huku juu anasikiliza mvua.

Mangi Deo ndiye aliyetuokoa. Alikuwa ameegemea mlango na bakuli lake. "Fundi," alisema, "hebu nisome na mimi. Mangi Deo wa pikapu. Sijawahi kusomwa maisha yangu yote. Kadi nne nilituma."

Nilipanda juu ya kigoda cha kukamulia ng'ombe, nikakunja kiganja mdomoni, nikamsoma: Mangi Deo wa pikapu anawasalimu abiria wake wote, ujumbe wake shukeni mkiwa mmeshalipa. Basi ikawa balaa. Mama mwenye mvi akataka kumsalimu dada yake ng'ambo ya korongo. Nikapaza sauti, na kweli ng'ambo ya korongo mtu akaitikia. Akauliza ni nani anayesoma. Nikajitaja. Mara nikasikia mtu anapiga kelele kwamba marehemu anasoma salamu kwa Theresia. Walikuja kutoka pande zote, wengine na majembe, wengine na mitungi ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na kila mmoja alikuwa na jina lake la redioni alilolificha miaka yote: Komba wa Juu, Binti Asiyepikiwa, Simba wa Mferejini ambaye alikuwa kizee hana jino. Katekista naye alifika, akasimama pembeni akijifanya anapita, kisha akanong'ona kwamba angependa kumsalimu Bibi Theresia na kumwomba asamehe yale ya ofisini. Nikayasoma kwa sauti kubwa. Bibi akaitikia kwa kutikisa kichwa, kama malkia hasa.

Nilisoma mpaka sauti ikakauka.

Asubuhi iliyofuata Mangi Deo alinipitia. Bibi Theresia alinisindikiza hadi mferejini akiwa ndani ya lile gauni, amelishika pande mbili kama mtu anayevuka maji. Nilimwambia nitamletea redio ndogo yenye FM, hata kesho kutwa.

"Usilete," alisema.

"Kwa nini, bibi? Utanisikia kila Jumamosi."

"Nikikusikia hapa hapa, utapanda kufuata nini?"

Nilimkumbatia tena. Nilipanda pikapu, na safari hii walinikalisha mbele.

Njoro, jioni. Baba Neema alitaka kujua kama nimempata mtu wangu wa redioni. Nilimwambia nimempata, na kwamba mimi nilikuwa marehemu. Alisema hilo lingemwokolea pesa za kitambaa. Nilijifunza mambo katika safari hii na yote si ya kujisifu: kwamba kuna watu wanaoyashika maneno yetu kuliko tunavyoyashika sisi tulioyasema, na kwamba mtu akinyamaza, vizuri kuuliza kabla ya kujiona umenuniwa. Redio ile ya zamani naililia bado. Ilitukutanisha wengi, ikatuacha tukiwa hatujuani sura.

Wiki chache baadaye, Jumamosi mchana, nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja, na FM inaropoka. Mtangazaji, kijana, akasema amepata kadi ya mtu ambaye hakusikika muda mrefu, Malkia wa Mtori wa Kilema. Niliiacha pasi juu ya suruali. Anamsalimu Cherehani Haichoki wa Njoro na mume wake Baba Neema, alisoma, na mchana huo jina la mume wangu likapita hewani kwa mara ya kwanza. Aliinuka kitini kabisa. Kisha kijana akasoma ujumbe, haraka haraka, bila kujua anasoma nini: "Siku msiponisikia, msiniombee. Pandeni."

Nilitazama saa ya ukutani. Huko juu, wakati ule ule, alikuwa amekaa mbele ya kigoda na ile mvua yake, na hakuwa na njia ya kujua kwamba amesomwa.

"Funga duka," nilimwambia Baba Neema. Suruali ilikuwa imeshaungua, na yeye alikuwa ameshavaa viatu.